Resonansi kwa Kiswahili: Mwitikio

Pampu ndogo ya hewa ya tangi la samaki, ukiishika mkononi ikiwa inafanya kazi, haina kelele ya kumwamsha mtu. Iweke juu ya kabati la mbao za mgrivea lililoegemea ukuta wa sebule, na usiku, mitaa ya Soweto au Shanty Town pale Moshi ikishatulia, utaisikia hadi chumba cha watoto. Pampu ni ile ile na umeme ni ule ule. Kilichoongezeka ni kitu cha pili kinachoupokea mtetemo wake na kuvuma nao. Wanafizikia huliita jambo hili resonansi. Mimi naliita mwitikio, na ninaamini neno hili lina kazi kubwa kuliko kujaza pengo la kamusi.

Tuanzie ndani ya pampu. Umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230 na hezi 50, yaani mkondo huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Mbele ya koili ya pampu kuna mkono mfupi wenye sumaku nchani. Mkondo ukielekea huku, mkono unavutwa, ukigeuka, unasukumwa, na kila mwendo unaminya kifuko cha mpira kinachopuliza hewa kwenda kwenye tangi. Juu ya mpigo huo wa msingi huzaliwa mingine ya hezi 100, 150 na kuendelea. Ule wa 100 unakaribia kabisa noti ya G ya sauti ya besi, na aliyeimba kwaya kule Machame ataitambua gizani.

Sasa, kila kitu kina mtetemo wake wa asili. Gonga ubao, gonga kioo, gonga bati: kila kimoja hujibu kwa sauti yake. Kigumu na chepesi hutetema upesi, kilegevu na kizito hutetema polepole. Mpigo wa pampu ukikaribiana na mtetemo wa asili wa ubao, kila pigo huukuta ubao ukiwa unaelekea kule kule unakosukumwa, na nguvu ndogo hulimbikizwa juu ya nguvu ndogo. Mwaka 1831 askari 74 walivuka daraja la kuning'inia la Broughton, karibu na Manchester, Uingereza, wakipiga hatua kwa pamoja. Daraja likaanza kuyumba kwa kufuata hatua zao, bolti moja ikakatika, na upande mmoja ukaanguka mtoni. Baada ya hapo jeshi likaagiza askari wavunje hatua wanapovuka madaraja.

Kwa nini mwitikio? Katika nyimbo zetu yuko anayeanzisha na wapo wanaoitikia. Neno linabeba pande mbili, na resonansi haitokei bila pande mbili. Wapo wanaotumia mwangwi, lakini mwangwi ni sauti iliyogonga kizuizi ikarudi. Ukipiga ukelele kwenye korongo la mto Weruweru, unakurudia umechelewa, na jabali halikuongeza kitu. Mvumo ni jina la kile kinachosikika, halisemi nani anavuma. Mtetemo ni pana mno, maana hata tetemeko la ardhi limo humo. Najua tayari tunasema mwitikio wa wananchi kwa kampeni ya chanjo. Hilo halinisumbui: pale panapoweza kuzuka utata tuseme mwitikio wa mtetemo, na hesabu ya hezi ambayo kitu huitikia kwa nguvu zaidi iwe hezi za mwitikio. Kusanifisha ni kazi ya BAKITA, baraza lililoundwa mwaka 1967. Mimi naleta hoja.

Faida ya neno inaonekana kwenye matengenezo. Anayesema "pampu inanguruma" hununua pampu nyingine, na ile mpya nayo inanguruma palepale. Anayesema "kabati linaitikia" anaitafuta njia ambayo mtetemo unapitia na kuikata. Wengi hukata kipande cha tairi na kukiweka chini ya pampu. Tairi ni gumu mno kwa kifaa chepesi hivyo. Halibonyei, kwa hiyo linapitisha mtetemo karibu wote. Kinachotakiwa ni kitu laini kinachobonyea kwa uzito wa pampu yenyewe. Kwa hesabu ya springi, sponji ikibonyea milimita moja, mtetemo wa asili wa pampu juu yake unashuka hadi hezi 16 hivi, mbali chini ya 50, na nguvu inayofika kwenye kabati inakuwa takribani moja ya tisa. Sponji halisi haitii hesabu hiyo kikamilifu, lakini tofauti utaisikia papo hapo. Njia iliyo bora zaidi ni kuining'iniza pampu kwa kamba laini, juu ya usawa wa maji, ili umeme ukikatika maji yasirudi kwenye pampu kwa kupitia mpira wa hewa. Huo mpira nao usiguse ukuta wala mlango wa kabati.

Kelele nyingine za tangi si mwitikio. Mkwaruzo ndani ya chujio mara nyingi ni hewa iliyonaswa kwenye panga linalosukuma maji: likung'ute mpaka viputo vitoke. Maji yanayoporomoka kutoka kwenye chujio yatulizwe kwa kuongeza maji tangini.

Kuzima pampu usiku ndiko ninakokupinga. Moshi iko mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni kama asilimia 90 ya lile la Tanga. Oksijeni inayoyeyuka majini hupungua kwa kiasi hicho hicho, kama joto la maji ni moja. Ukipanda Marangu inapungua zaidi, ingawa maji baridi ya huko hufidia sehemu yake. Na kama chujio linaendeshwa na hewa ya pampu hiyo, likisimama, bakteria wanaosafisha maji hukosa oksijeni.

Samaki nao wanasikia. Kambale ana vifupa vinavyounganisha kifuko chake cha hewa na sikio, vilivyoelezwa na Mjerumani Ernst Heinrich Weber mwaka 1820. Perege hana, lakini huhisi mtetemo kwa mstari wa ubavuni. Kwa hiyo kioo cha tangi nacho kihesabiwe kati ya vinavyoitikia.

Kumtambua mwitikiaji hakuhitaji kifaa. Pampu ikiwa inafanya kazi, kandamiza kiganja juu ya kabati, kisha mlango wake, kisha kioo, kisha mfuniko wa tangi. Mahali ambapo mvumo unapungua ukikandamiza, hapo ndipo pa kuweka sponji.