Kipimo kilichokosea kimo na kufichua moyo wa barafu

Ndege inaporuka juu ya barafu ya Greenland siku ya mawingu, rubani hana mlima wala mti wa kumwonyesha yuko juu kiasi gani. Chini kweupe, juu kweupe. Tegemeo lake ni kipimo cha kimo, kifaa kinachotuma mawimbi ya redio kuelekea chini na kuhesabu muda yanaotumia kugonga ardhi na kurudi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilianza kudhihirika kwamba kifaa hicho, ambacho juu ya bahari na juu ya nchi kavu hakikuwa na matata, kikifika juu ya barafu nene hakiaminiki tena. Kilimwambia rubani kwamba bado ana nafasi kubwa chini yake, kumbe barafu imeshamkaribia. Kwa mtu anayejiandaa kutua, kosa la namna hiyo ni mauti.

Wapo ambao wangetaka kifaa kirekebishwe, mambo yaishe. Amory Waite alitaka kujua kwa nini. Alikuwa mtaalamu wa redio wa Jeshi la Marekani, na baridi aliijua kwa mwili wake. Mwaka 1934, akiwa katika msafara wa pili wa Admirali Richard Byrd huko Antaktika, alikuwa mmoja wa watu watatu waliosafiri katika giza la majira ya baridi kumfuata Byrd, ambaye alikuwa akikaa peke yake kibandani na ameugua kwa sumu ya moshi.

Jibu alilolipata Waite lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kuliamini: kifaa hakikuwa kibovu. Mawimbi hayakusimama kwenye uso wa barafu. Yalipenya, yakaenda zake hadi chini, yakagonga mwamba au maji, ndipo yakarudi. Kipimo kilikuwa kinapima sawasawa, ila kilipima umbali wa kitu ambacho hakuna aliyekiuliza. Mwaka 1957 alichukua kipimo cha kawaida cha ndege, akakiweka juu ya barafu inayoelea huko Antaktika, na mwangwi wa upande wa chini wa barafu ukarudi. Mwaka 1962 yeye na mwenzake walichapisha ripoti kuhusu makosa hayo makubwa ya kimo. Ninavyoona mimi, historia ya fani hii yote imo katika uamuzi ule wa kuliuliza kosa lilikotoka badala ya kulifuta.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, tutazame unene wa barafu ulivyopimwa kabla yake. Watu walichimba shimo, wakalipua baruti, kisha wakasikiliza kwa vinasa mtikisiko jinsi sauti ilivyoshuka hadi mwambani na kupanda tena. Gordon Robin, Mwaustralia, alifanya kazi hiyo katika msafara wa pamoja wa Norwei, Uingereza na Uswidi wa mwaka 1949 hadi 1952, akathibitisha kwamba bara la Antaktika limefunikwa na barafu ya zaidi ya kilomita mbili kwenda chini. Lakini kila mlipuko ulitoa jibu la mahali pamoja tu. Kisha watu wanafungasha, wanasogea, wanachimba tena. Na Antaktika ina ukubwa wa kilomita za mraba milioni 14.

Robin alipokuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Scott ya utafiti wa ncha za dunia, mjini Cambridge, mwaka 1958, hakuisahau adha hiyo. Katika taasisi hiyo Stanley Evans, mwanafizikia aliyebobea katika mawimbi ya redio, alitengeneza rada maalumu kwa ajili ya barafu, yenye masafa ya megahezi 35. Mwaka 1964 ilikokotwa kwenye barafu ya kaskazini-magharibi mwa Greenland. Baada ya miaka michache ilipanda ndege, na jibu la mahali pamoja likageuka kuwa mstari usiokatika.

Hesabu yake haitishi. Hewani wimbi la redio huenda takriban mita 300 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde. Ndani ya barafu hupungua mwendo hadi mita 168 hivi. Basi mwangwi wa mwamba ulio kilomita tatu chini hurudi baada ya sehemu 36 za milioni ya sekunde. Barafu yenye baridi kali hulipitisha wimbi bila kulinyonya sana. Ikianza kuwa na maji ndani yake, wimbi hutawanyika na kupotea, na maji ya bahari hulizuia kabisa.

Evans na Robin walikuwa wanautafuta mwamba. Lakini kwenye picha zao, kati ya mstari wa uso wa barafu na mstari wa mwamba, palijitokeza mistari mingine hafifu, mingi, imetandazwa mmoja juu ya mwingine mithili ya mikeka. Ingekuwa rahisi kuiita kelele za mitambo. Ila ilifuatana kilomita kwa kilomita, ikipanda kilima kilichofichika na kushuka bonde, na kelele haina adabu ya namna hiyo.

Mistari hiyo ni theluji ya zamani. Kila mwaka theluji mpya huanguka juu ya ile ya mwaka uliotangulia, huikandamiza, na hatimaye yote hugeuka barafu. Karibu na uso, matabaka hutofautiana kwa uzito, na tofauti hiyo hurudisha sehemu ndogo ya wimbi. Chini zaidi, kinacholirudisha hasa ni asidi ya volkeno: mlima ukilipuka, moshi wake husafiri angani, huanguka pamoja na theluji na kubaki humo. Mlipuko wa Laki wa Iceland, mwaka 1783, umeacha alama yake katika barafu ya Greenland. Kina kikiongezeka, hata mpangilio wa fuwele za barafu huchangia mwangwi.

Kila tabaka, basi, liliwahi kuwa uso wa barafu, kwa wakati mmoja, katika eneo zima. Hapo ndipo penye faida. Ukichimba shimo moja na kujua umri wa barafu katika kila kina, unaweza kuufuata mstari wa rada mamia ya kilomita na kuubeba umri huo hadi mahali ambapo hakuna aliyechimba. Mwaka 2015 mtafiti Joseph MacGregor na wenzake walitoa ramani ya umri wa barafu ya Greenland nzima kwa njia hiyo. Na pale mistari inapokunjamana au kuzama ghafla, mtafiti hujua kwamba barafu imesukumwa, au inayeyuka kutoka chini.

Safari kubwa za angani zilifanyika kati ya mwaka 1967 na 1979. Marekani ilitoa ndege, mwishoni zikiwa aina ya Hercules, Cambridge ilitoa wataalamu, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark kilitengeneza rada na antena zilizofungwa chini ya bawa. Zilipimwa zaidi ya kilomita 400,000. Miangwi ilirekodiwa kwenye filamu za milimita 35, kama zile za sinema.

Katika filamu hizo baadhi ya miangwi ya chini ilikuwa ya ajabu: ilinyooka kabisa, iking'aa kuliko mwamba. Mwaka 1973 Robin na mwenzake Gordon Oswald walitangaza maziwa 17 chini ya barafu. Ziwa kubwa kuliko yote ya namna hiyo liko chini ya kituo cha Kirusi cha Vostok, na habari yake inanigusa kila niisomapo. Robinson, mwongoza ndege wa Kisovieti, alikuwa ameandika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuhusu maeneo bapa ambayo marubani waliyaita maziwa na kuyatumia kama alama za njia. Andrey Kapitsa, mtafiti wa Kisovieti, alilipua baruti hapohapo Vostok mwaka 1959 na 1964. Dalili za maji zilikuwamo katika rekodi zake, wala hazikusomeka hivyo wakati ule. Mwaka 1996, Kapitsa na Robin wakiwa miongoni mwa waandishi, ramani ya ziwa ilichapishwa: urefu wa zaidi ya kilomita 200, chini ya barafu ya karibu kilomita nne. Februari 2012 keekee ya Warusi iliyafikia maji hayo, kwenye kina cha mita 3,769.

Filamu zenyewe zilibaki kabatini Cambridge. Vizazi vya rada za kidijitali vilikuja, na mtu angeweza kusema makopo yale yamemaliza kazi. Dustin Schroeder wa Chuo Kikuu cha Stanford aliongoza kazi ya kuyafungua na kuskani filamu upya, na mwaka 2019 matokeo yakatolewa. Miangwi ya miaka ya 1970 ikalinganishwa na ya sasa, mahali palepale. Barafu inayoelea upande wa mashariki wa Thwaites, mto mpana wa barafu unaoishia baharini magharibi mwa Antaktika, ilikuwa imepungua unene kwa kati ya asilimia 10 na 33 kutoka mwaka 1978 hadi 2009. Bila makopo yale, ulinganisho huo usingewezekana.

Rada ya barafu imefika hata kwetu Afrika Mashariki. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann alikiona kilele cheupe cha Kilimanjaro. Kiongozi wake wa njia aliuita weupe ule kwa neno moja tu, baridi. Rebmann alipoandika kwamba ni theluji, mwanajiografia William Cooley wa London alikanusha: theluji karibu na ikweta, haiwezekani. Tangu mwaka 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya mlima huo imetoweka. Septemba 2015 watafiti walipeleka rada kwenye Uwanda wa Barafu wa Kaskazini, juu kabisa ya mlima, wakaivuta juu ya barafu iliyosalia. Pale ilipokuwa nene zaidi, ilikuwa na kina cha mita 50 na kitu. Kwenye kuta zake zilizosimama wima, mpandaji huona kwa macho michirizi ya vumbi la kale. Rada ilionyesha kwamba ndani pia, mahali jicho halifiki, matabaka bado yamelala bila kuvurugwa, na chini yake ukarudi mwangwi wa mwamba wa volkeno.