Bakuli la Kaburini na Kiti cha Bunduki

Kaskazini ya Malindi, katika mji mkongwe wa Mambrui, imesimama nguzo ya kaburi iliyojengwa kwa mawe na chokaa, na upande wake wa juu mafundi wa kale walipachika mabakuli ya Kichina ya enzi ya Ming, migongo yake imezama ukutani na vinywa vyake vimeuelekea ulimwengu. Kunduchi nako, kando ya Dar es Salaam, yapo makaburi yaliyopambwa kwa sahani za namna hiyo. Na Kilwa Kisiwani, katika ule msikiti mdogo wenye makuba, vyombo vya kauri vilitiwa juu kabisa, mahali ambapo mwenye kuingia havioni ila akiinua uso wake. Nimeanza na mambo haya kwa makusudi, kwa kuwa waandishi wanaosimulia historia ya sanamu zinazoundwa kwa kukusanya vitu mbalimbali, vya kuokotwa na vya asili, na kuviunga viwe kitu kimoja, aghalabu huanzia Paris, mwaka 1912. Nami naona mtu wa pwani ana haki ya kuanzia kwenye ukuta wa kwao.

Natuitazame kazi yenyewe. Jiwe la tumbawe likatwapo majini huwa laini, hata patasi hulinakshi bila taabu, kisha likipigwa na jua na upepo huwa gumu. Na chokaa nayo si kitu kingine ila tumbawe lililochomwa. Hupangwa magogo kwa duara, yakarundikwa mawe juu yake, ukatiwa moto, na ile chokaa ibakiayo huachwa ilale miezi ikinyeshewa hata ukali wake uishe. Mwashi akiisha kuutomea ukuta kwa vijiwe hupaka lipu, na kabla haijashika hulikandamiza bakuli mahali pake kwa kiganja, akalizungushia ukingo kwa kidole. Basi katika kaburi moja vimekutana kiumbe cha baharini, kuni za msituni, na udongo wa China uliofinyangwa na mtu asiyepata kulisikia jina la Mambrui, ukapita mikononi mwa wafanyabiashara wengi, ukafika kwetu kwa pepo za musimu. Ni kweli kwamba bakuli lile halikuwa takataka. Lilikuwa mali, na alama ya uungwana wa aliyelala pale. Lakini angalieni kwamba mwashi hakulisaga, wala hakulipaka rangi, wala hakulivunja ili lifanane na jiwe. Aliliacha libaki bakuli, na hapo ndipo ulipo ustadi wake wote.

Mengi ya mabakuli hayo yameng'olewa kwa vyuma na watu wa tamaa, yakabaki mashimo ya duara, na mwenye kutia vidole ndani yake huhisi jinsi kitako cha chombo kilivyoacha chapa katika chokaa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, alipoyaombolezea majumba ya Pate yaliyokwisha kuwa magofu, hakuyasahau madaka yaliyokuwa yakipangwa vyombo vya kauri; na naamini kwamba aliona, kama tuonavyo sisi, kuwa mahali palipotolewa kitu husema kwa nguvu ileile ya kitu chenyewe.

Tukilivuka bara mpaka bahari ya magharibi, tunakuta kwa Wakongo jambo la ajabu zaidi, nalo ni nkisi, hususa ile namna kubwa iitwayo nkisi nkondi, iliyofikia upeo wake katika karne ya 19. Mchongaji huitoa sanamu katika gogo, uso umekaza, macho yametoka. Lakini kazi yake ilikuwa nusu tu. Baada ya hapo sanamu ilikabidhiwa nganga, neno ambalo Mswahili hahitaji kufasiriwa, maadamu mganga wetu ametoka shina moja naye, akatia katika tumbo lake na kichwa chake udongo wa makaburini, udongo mweupe, utomvu na vitu vingine vya mwituni, kisha akaziba kwa kioo au kombe la pwani. Na hata hapo sanamu haijaisha. Watu wawili walipopatana, au walipogombana wakataka haki, au walipokula yamini, chuma kilikongomewa mwilini mwake: msumari, kipande cha kisu, ubapa wa jembe, pengine kikiwa kimefungwa uzi au kitambaa kuwa ukumbusho wa shauri lenyewe. Kila chuma kilikuwa na neno lake, na sanamu ilizidi kuandikwa mwaka hata mwaka na umma uliokuwa ukiitegemea, ikawa daftari la mji.

Wamisionari na maafisa wa kikoloni walizichoma nyingi, na nyingine wakazichukua. Zilizofika katika majumba ya makumbusho ya Ulaya mara nyingi zilikuwa zimekwisha kuondolewa dawa zake na wenyewe kabla ya kutoka, tumbo likiwa wazi, ili mgeni achukue mti na chuma bila ya kuchukua nguvu. Mimi siwezi kuliangalia tumbo lile tupu bila ya kuyakumbuka yale mashimo ya Kunduchi.

Wamakonde nao, huku kusini mwa Tanzania na ng'ambo ya Ruvuma, walipochonga mapiko ya ngoma za jando hawakuridhika na mti peke yake: walipandikiza nywele za watu kichwani mwa kinyago, na chale za usoni wakazichora kwa nta ya nyuki, hata mchezaji akitokea uwanjani jioni, mtoto hujua hakika kwamba amemwona mtu wa kuzimuni.

Ulaya iliingia katika njia hii kwa kuchelewa, na kwa mlango mwingine. Pablo Picasso alilizuru jumba la Trocadéro mwaka 1907, akaziona sanamu za Afrika na za visiwa vya Pasifiki, na mwaka 1912 akaunda gita kwa kadibodi, kamba na waya. Marcel Duchamp mwaka uliofuata alisimamisha gurudumu la baiskeli juu ya kigoda. Kurt Schwitters, katika mji wa Hannover, baada ya Vita vya Kwanza, aliokota tikiti kuukuu na vipande vya mbao, akaigeuza nyumba yake chumba kwa chumba kuwa sanamu, mpaka mabomu yalipoiteketeza mwaka 1943. Jina la Kifaransa ambalo wataalamu wanaiita sanaa hiyo lilitiwa na Jean Dubuffet mwaka 1953, na mwaka 1961 Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York likaifanyia maonyesho makubwa. Sidai kwamba mabwana hawa walikopa kila kitu kwetu; kudai hivyo ni kinyume cha insafu. Lakini kwa kuwa waliingia jambo hili kwa kuuasi mwenendo wa wazee wao, ilhali Mkongo na mwashi wa Mambrui waliingia kwa kuwatii wazee wao, tofauti hiyo imeacha athari katika kazi zenyewe.

Chukueni mfano wa yule mbuzi jike wa Picasso, aliyeundwa mwaka 1950 huko Vallauris. Tumbo lake ni kapu kuukuu, uti wa mgongo ni kuti, na viwele ni mitungi miwili ya udongo iliyotoka jaani, vyote vikashikizwa kwa plasta. Mtu yeyote aliyekulia pwani, ambaye ameona kapu, kuti na mtungi vikitupwa nyuma ya jiko, angemtambua mbuzi huyu kuwa ni jamaa yake. Kisha akamiminwa kwa shaba. Shaba inadumu, nayo imemfanya mbuzi huyo aweze kuonwa mahali pengi. Lakini kwa maoni yangu hapo ndipo alipokufa, kwa sababu kapu halikubaki kapu, bali limekuwa sura ya kapu, na mtungi hauna tena harufu ya udongo.

Aliyeifahamu siri hii vizuri zaidi hakuwa msanii wa kusomeshwa. Simon Rodia, mhamiaji wa Kiitalia na kibarua wa ujenzi, alianza mwaka 1921 kujenga minara katika kiwanja chake huko Watts, Los Angeles, akaendelea peke yake kwa miaka 33, bila ya jukwaa la kupandia, akipanda kwa mkanda kama mgema. Alikunja vyuma kwa mikono, akavifunika kwa saruji, na katika saruji mbichi akakandamiza makombe ya pwani, vigae, chupa za kijani na vipande vya sahani zilizovunjika, yaani kazi ileile ya mwashi wetu, ijapokuwa hapana aliyemfundisha. Mnara mrefu kabisa unakaribia mita 30. Mwaka 1954 alimwachia jirani kiwanja chake, akaondoka. Mwaka 1959, wakuu wa mji waliokwisha kuagiza minara ibomolewe walikubali ijaribiwe kwanza kwa kuvutwa kwa mtambo. Mtambo ukashindwa, minara haikutikisika, nayo ipo hata leo.

Nimefika sasa mahali ambapo moyo wangu ulikuwa ukinivuta tangu mwanzo, nako ni Msumbiji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1977 vilikoma kwa mkataba wa Roma wa mwaka 1992, lakini silaha zilibaki zimefukiwa mashambani na kufichwa majumbani. Mwaka 1995 Askofu Dinis Sengulane na Baraza la Kikristo la Msumbiji walianzisha mpango wa kubadilishana: mwenye kuleta bunduki alipewa jembe, au cherehani, au baiskeli, au vifaa vya kujengea, kwa kuufuata unabii wa Isaya juu ya panga zitakazofuliwa kuwa majembe. Bunduki zilikatwa kwanza, zisifae tena kuua, kisha vipande vikapelekwa kwa wasanii wa Maputo. Mmoja wao, Cristóvão Canhavato ajulikanaye kwa jina la Kester, ambaye ndugu zake wawili walipoteza miguu katika vita hivyo, aliunda mwaka 2001 kiti kizima kwa silaha tupu, na kiti hicho sasa kimo katika jumba la British Museum, London.

Mswahili akikitazama hukikumbuka kiti cha enzi cha majumba ya pwani, kile cha mpingo kilichotiwa pembe na kusukwa kamba, alichokaribishiwa mgeni wa heshima. Maana hiki nacho kina mikono na mgongo mrefu, na kimeketi kwa haiba ya mamlaka. Lakini hapa pembe na mpingo ni mitutu na magazini za risasi, zilizoundwa katika Muungano wa Kisovieti, Ureno, Poland, Czechoslovakia na Korea Kaskazini, wala hapana hata moja iliyoundwa Afrika. Juu ya mgongo vimesimama vitako viwili vya bunduki za Kireno, na katika kila kitako mtazamaji huona uso: matundu ya skrubu yamekuwa macho, na ufa uliopitishwa mkanda umekuwa mdomo unaotabasamu. Kester amesema wazi kwamba tabasamu lile hakulichonga, alilikuta. Kalamu yangu haina la kuongeza juu ya ustadi wa namna hiyo, wa fundi anayejua wakati wa kuuzuia mkono wake.

Na hapa kwetu, Lamu, fundi Ali Skanda na wenziwe walijenga chombo cha mita 9 kwa taka za plastiki kiasi cha tani 10 zilizookotwa fukweni na mitaani. Mkuku, mataruma na mbao vilitokana na plastiki iliyoyeyushwa, kisha ikachongwa kwa ujuzi wa kuchongea mti. Na ubavuni kikavikwa ndara zipatazo 30,000 zilizotupwa na bahari, nyekundu, buluu na manjano, zilizowahi kuvaliwa na watu ambao hapana awajuaye. Kilishushwa majini Septemba 2018, na mapema mwaka 2019 kikatweka tanga kuelekea Unguja, safari ya kilomita 500, kikiifuata pwani ya Malindi, ambako mabakuli ya Mambrui bado yameelekeza vinywa vyake nje.