Kazi Zetu Zina Historia



Kikundi kikitimiza miaka kumi, watu huuliza kimekusanya hela ngapi. Daftari lipo, mtasomewa. Lakini hela hizo zimeletwa na kazi, na kazi hizo hatuzisemi. Mwulize mama wa Pugu anafanya kazi gani. Atakujibu, "Sina kazi, nauza vitumbua tu." Hilo neno "tu" tulitazame.

Mwaka 1955 Mwalimu Nyerere aliacha kufundisha hapa Pugu ili aitumikie TANU. Huko mjini, Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma, alipita kwenye vikundi vya ngoma vya akina mama akiwaandikisha uanachama. Wengi walioitika walikuwa wauza maandazi, vitumbua na pombe. Walikuwa na senti zao wenyewe, kwa hiyo walichangia chama bila kumngoja mtu. Uhuru wa 1961 una jasho lao pia.

Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi. Wafanyabiashara wadogo wasio na kibali walikamatwa Dar es Salaam, wakaitwa wazururaji. Na hiyo ndiyo miaka ambayo mshahara wa mwezi haukumaliza hata wiki! Nyumba nyingi zililishwa na sinia la maandazi na sufuria la mama ntilie. Baadaye serikali ililegeza, na jina lile lile la Nguvu Kazi likawa jina la leseni ya mfanyabiashara mdogo. Kazi haikubadilika. Kilichobadilika ni jina aliloitwa mwenye kuifanya.

Ndiyo maana vikaoni kwetu, kabla ya kuweka akiba, kila mmoja husimama akaeleza kazi yake. Mwenzetu anayepikia wachuuzi wa ng'ombe pale mnadani alianza na masufuria mawili ya mkopo. Leo ana wasaidizi wawili. Mwingine, muuza samaki, miaka yote alijaza fomu za shule za wanawe, penye kazi ya mama, "hana". Safari hii ameandika "mfanyabiashara wa samaki". Kikao kizima tulipiga vigelegele.

Akina mama, tusingoje wengine watutajie kazi zetu. Tuziandike wenyewe, na wajukuu wazisome. Hongereni kwa miaka kumi. Kazi iendelee!