Jimbo la Mbinga Mjini

Mbinga Mjini ni jimbo la uchaguzi la Tanzania Bara katika Mkoa wa Ruvuma. Lilipiga kura kwa mara ya kwanza tarehe 25 Oktoba 2015. Sixtus Mapunda wa Chama Cha Mapinduzi (CCM) alichaguliwa mbunge, na mwaka 2020 nafasi hiyo ikaenda kwa Jonas Mbunda wa chama hichohicho.

Awali Wilaya ya Mbinga ilikuwa na majimbo ya Mashariki, kwenye milima ya kahawa ya Wamatengo, na Magharibi, lililoshuka hadi ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Upande wa ziwa sasa ni Jimbo la Nyasa, ilhali Mbinga Mjini limo katika eneo la iliyokuwa Mashariki.

Kisheria mshindi ni anayeongoza kwa kura, hata asipofikia nusu. Katika ngome ya CCM kama hii, ushindani mzito huwa ndani ya chama: wajumbe wa chama hupiga kura za maoni, lakini uamuzi wa mwisho ni wa vikao vya juu. Mpigakura asiye mwanachama hana sauti katika hatua hiyo, ingawa ndiyo yenye uzito zaidi.