Chujio lisilochuja
"Barua taka" ni jina zuri. Linalotupotosha ni "chujio". Chujio la chai huzuia majani, chai ikapita. SpamAssassin, programu iitwayo chujio la barua taka na inayotumika kwenye seva nyingi za barua pepe, haizuii kitu: huipa kila barua alama, na zikifika 5, kiwango chake cha kawaida, huibandika lebo tu. Kuitupa au kuihamisha ni kazi ya programu nyingine. Fundi mwenye seva yake hukesha akililaumu chujio, kumbe lebo ipo. Wa kuisoma ndiye hakuagizwa. Mimi ningeiita msahihishaji: mwalimu hutoa alama, hafukuzi mwanafunzi. Taka zikikujaa, kabla ya kugusa mipangilio, fungua vichwa vya barua mojawapo, utafute mstari wa X-Spam-Status: ndiyo lebo yenyewe.