Maiki ya MC wa Chimala Imetoka Mbali!

Wadau, ile maiki anayoishika MC kwa mbwembwe harusini Chimala ina historia ndefu.

Kabla ya 1925 waimbaji walirekodi bila maiki. Mtu alisimama mbele ya pembe kubwa, akapaza sauti mpaka mishipa ya shingo imtoke, ndipo sindano ichore santuri. Mwaka huo kurekodi kwa umeme kukashika kasi. Siti binti Saad alipotoka Zanzibar kwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, enzi ya pembe ilikuwa inaaga.

Mwaka 1966 kampuni ya Shure ya Marekani ikatoa SM58, yenye kichwa cha wavu kama mpira. Haitaki betri: sauti inatikisa utando mwembamba wenye koili kando ya sumaku, umeme unazaliwa. Umbo lake limeigwa mpaka basi.

Shida ni kwamba wengi bado wanaimba kama wako kwenye pembe. Wanapiga kelele, wanaigonga, wanafumba kichwa kwa kiganja. Ukikifumba tu, maiki inaanza kusikia spika, mluzi unapasua masikio. Shika mpini, acha vidole viwili mpaka mdomoni, spika zibaki mbele yako.

Vumbi la Usangu na mate ya watu kumi vinaziba wavu. Ufungue, uoshe kwa sabuni, ukauke kabisa ndipo uurudishe.

Jumamosi harusi, Jumapili kwaya, maiki ileile. Ikifa, wote mnarudi 1924.