Nanomita za Chipu: Usiuziwe Namba Tu

Ukienda kubuy simu, msee wa duka atakuhesabia nanomita. Zamani hiyo namba ilikuwa kipimo cha ukweli. Siku hizi ni jina tu la kizazi cha chipu. Cheki hii: Intel 4004 ya 1971 ilikuwa na transista 2,300. Apple M1 ya 2020, iliyoundwa na TSMC ya Taiwan kwa nanomita 5, iko na bilioni 16. Tabaka zake laini zaidi huchorwa kwa mwanga wa nanomita 13.5, na mashine hizo zinauzwa na ASML ya Uholanzi pekee. Transista zikiwa ndogo, kazi mob inafanyika na chaji kidogo. Lakini usidanganyike: kabla utoe ganji, linganisha spidi, joto na betri ya simu yenyewe.